Ngumi Moja ya Ugali

Harufu ndiyo iliyonishtua, si maumivu. Nilikuwa barazani kwangu hapa Chanika, Handeni, umeme umekatika tangu asubuhi, nanyoosha sketi za sare za shule kwa pasi ya mkaa. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinua sketi na kuigeuza huku na huku, maana mwenye sketi alikuwa amekaa palepale kwenye benchi ananitazama, na mimi sipendi kuharibu kazi ya mtu mbele ya macho yake. Sketi ilikuwa salama. Yule mama ndiye aliyepiga kelele.

"Fundi, mguu! Mguu wako!"

Nikatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye pasi na kukaa juu ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia, limetulia kabisa. Nikalipangusa kwa mkono. Hapo ndipo nilipopiga yowe, kwa sababu mkono ulisikia moto. Mguu haukusikia kitu.

Nimekuwa fundi cherehani kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio unaoongoza. Nilikuwa nimeambiwa nina sukari miaka miwili kabla ya siku ile, nikapewa vidonge, nikawa navinywa nikivikumbuka. Sikuwa naumwa popote, na mtu asiyeumwa popote hakubali kirahisi kuitwa mgonjwa. Ganzi ya miguuni nilidhani ni uchovu wa kukanyaga cherehani. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nami nikawa namjibu kwamba sikio langu ni zima, ni yeye anayeongea taratibu.

Kidonda kilikaa wiki tatu bila kufunga. Wiki ya nne tukapanda gari kwenda hospitali Korogwe.

Daktari hakuzungushazungusha maneno. Alisema mguu usiosikia, ukipata kidonda, na damu ikiwa imejaa sukari, kidonda hakiponi. Sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Akaongeza kwamba kukata kidole mara nyingine ni mwanzo tu.

"Na cherehani nitakanyaga na nini?" nikamuuliza.

Nilisema kama utani. Hakuna aliyecheka, na mume wangu akageuza uso akatazama dirishani. Nikaogopa. Niliogopa kweli.

Baada ya daktari tulipelekwa kwa nesi wa kliniki ya sukari. Alikuwa binti mdogo, rika la mtoto wangu wa kwanza, akaniamkia shikamoo kwa adabu kabla hajanichoma kidole. Akazungumza nami habari za chakula kwa muda mrefu. Punguza hiki, acha kile, soda usiguse, chai bila sukari, ugali kidogo. Nilikuwa naitikia "ndiyo" kama mtu aliye usingizini. Neno moja tu liliniamsha.

"Kuku ruksa, mama. Kuku hana shida, hapandishi sukari."

Nikatoka na hilo moja.

Inabidi nieleze jinsi tunavyokula, la sivyo kosa nililofanya litaonekana kama la mtu asiye na akili, na mimi akili ninazo. Kwetu Handeni chakula ni ugali. Vingine vyote ni mboga. Mlenda ni mboga, maharage ni mboga, nyama ni mboga, na kuku naye, hata awe jogoo mnono kiasi gani, ni mboga. Mtu anaweza kula wali akashiba, kisha akiulizwa jioni akasema leo sijala. Mboga kazi yake ni kuusindikiza ugali ushuke. Mtoto akionekana anachomoa kipande cha nyama bila tonge mkononi, anachapwa kofi la mkono na kuitwa mroho. Nilichapwa, na wanangu nikawachapa.

Basi nikampigia simu kaka yangu aliyeko Mkata, anakolima mahindi na kufuga kuku. Nikamwambia daktari ameniandikia kuku. Alicheka mpaka simu ikakatika, lakini wiki ile ile tenga likashushwa kwenye basi, ndani kuku wanne wa kienyeji wamefungwa miguu, na chini yao mfuko wa unga.

Mwezi ule nilikula kuku kuliko nilivyowahi kula maishani. Kuku wa kuchemsha, kuku wa nazi, kuku wa kukaanga. Asubuhi supu na chapati mbili. Na kwa kuwa mboga ilikuwa nyingi, ugali nao ukaongezeka. Utafanyaje? Ugali ukiisha na kuku amebaki, unaongeza ugali umalizie kuku. Kuku akiisha na ugali umebaki, unaongeza mchuzi umalizie ugali. Kila aliyekulia kwetu anaujua mzunguko huo. Zamani kipande changu kilikuwa bawa, na bawa linataka tonge chache. Sasa nilikuwa nakula paja zima na kidari, na paja na kidari vinataka mlima. Mume wangu akawa anasema ugonjwa huu na yeye umpate.

Nilirudi kliniki nikiwa na imani kubwa. Nesi akanichoma kidole, akatazama mashine, akakifuta kidole changu, akanichoma tena kingine. Sukari ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza.

"Mama, umekuwa ukila nini?"

Nikamsimulia kwa fahari. Jumatatu kuku, Jumanne kuku, Jumatano kuku.

"Na ugali?"

"Ugali si wa kumalizia kuku, mwanangu?"

Akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakawa yanatikisika. Nilikasirika sana. Mtu mzima nimetoka Handeni alfajiri, nina kidole kinachonuka ndani ya bandeji, halafu nichekwe na mtoto. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka kabla hajamaliza kunieleza, na mume wangu akabaki nyuma akiomba radhi kwa niaba yangu. Kazi hiyo ameizoea.

Hasira zangu huwa hazijui kati. Nilipofika nyumbani nikatangaza kwamba ugali sitautia tena mdomoni. Kuku tupu, mboga za majani tupu, na vidonge nikavinywa vyote kwa saa yake, maana nilikuwa nimeamua kumkomoa yule nesi kwa kupona.

Siku ya tatu nilikuwa nashona kola ya shati. Jasho likaanza kunitoka, jasho la baridi, na mikono ikawa inatetemeka. Mshono nikauona unapinda kama njia ya mlimani. Jirani yangu alipita akanisalimia, nikamfokea, na hata sijui nilimwambia nini. Mume wangu alitoka ndani, akaniangalia mara moja, akarudi mbio. Akaja na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, akanishikia kikombe mdomoni kama mtoto. Nilipopata nguvu ya kusema, nikamuuliza kama anataka kuniua kwa sukari.

"Sukari yako imeshuka," akasema. "Siku ile ulipoondoka na mkoba, mimi nilibaki nikasikiliza."

Ni mara chache mume wangu anapata la kunijibu, na aliponipata alikuwa amepiga magoti barazani mbele ya wapita njia, akinifuta jasho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Tukarudi Korogwe. Safari hii mimi ndiye niliyeanza kusalimia. Yule nesi hakuonyesha kinyongo. Alinieleza kwamba vidonge nilivyo navyo vinashusha sukari, na mtu akivinywa bila kula wanga hata kidogo, sukari inaanguka. Haitakiwi ipande wala ianguke, inatakiwa itulie. Kisha akaniambia nikunje ngumi niiweke mezani.

"Huo ndio ugali wako, mama. Ngumi yako mwenyewe, si ya baba."

Kuku nipime kwa kiganja changu, bila kuhesabu vidole, na ngozi niitoe kabla ya kupika. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Halafu akasema jambo ambalo lilinifanya nimtazame mara mbili. Alisema nianze na mboga na kuku, ugali niumalizie mwishoni.

"Nianze na mboga? Tupu?"

"Tupu, mama."

Nilijiona nimerudi kuwa na miaka sita, nasubiri kofi la mkono.

Mwanzo nilikuwa nakula nikiwa nimewapa watu mgongo. Lakini nikazoea, na nitasema ukweli, nilianza kumjua kuku. Miaka yote nilikuwa nimemla kuku na sijui ladha yake. Nilikuwa najua ladha ya mchuzi kwenye ugali. Sasa nilimchuna ngozi, nikamchemsha polepole kwa tangawizi, vitunguu saumu na ndimu, kuku wa kienyeji ambaye lazima umtafune kwa bidii, nikagundua kwamba kidari kina utamu wake na paja lina utamu wake. Mlenda nao, ule mlenda wetu ambao mgeni wa mjini huukimbia, nilikuwa naunywa bakuli zima kabla sijagusa tonge. Nikimaliza kula nilikuwa natembea hadi msikitini na kurudi, nimevaa soksi na viatu vya kufunika nilivyoambiwa nivae. Wateja wakawa wanasema fundi siku hizi ana mambo makubwa, anavaa soksi kama mwalimu mkuu.

Mashine ya kupimia tulinunua ndogo, ikawa inakaa kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Namba zikaanza kutulia. Siku nyingine zilipanda kidogo, siku nyingine zilikuwa nzuri hadi namwita mume wangu aje aone. Pembeni mwa kidonda nyama mpya ikaanza kuonekana, rangi ya waridi, nyembamba kama uzi. Nilikuwa naitazama kila asubuhi kabla ya kufunga bandeji. Lakini katikati bado palikuwa wazi, na daktari akasema hajafuta neno lake. Tuje tena baada ya mwezi na nusu, ndipo ataamua.

Katikati ya mwezi na nusu huo kulikuwa na safari ya Kwashemshi.

Mume wangu ni Mshambaa wa huko, na kila mwaka mahindi yakishavunwa tunapanda kwenda kumsalimia mama yake. Sikutaka kwenda. Mama mkwe wangu simchukii, hata kidogo. Ni mwanamke mkali, mwembamba, aliyenyooka, na mimi na yeye tunafanana tabia kiasi kwamba tukikaa jiko moja zaidi ya siku mbili watu hutafuta shughuli za shambani. Kilichonitia woga ni kwamba nilikuwa sijamwambia chochote. Baba mkwe wangu alikufa kwa mguu. Ndivyo walivyosema daima katika nyumba ile, alikufa kwa mguu. Alipata kidonda unyayoni, wakamkata vidole, kisha wakamkata chini ya goti, kisha akaondoka. Ndugu waliamini kuna kitu alitegewa njiani akakikanyaga. Niliolewa wakati ameshakatwa vidole. Nilimjua kama mzee mpole anayekaa kwenye kiti mlangoni, mguu umefungwa kitambaa, akitaniana na kila anayepita.

Nilijua nikisema neno "mguu" mle ndani nitafungua kaburi. Nikamwapisha mume wangu anyamaze, nikavaa soksi mpya nyeusi, tukaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

"Kazi, mama."

Akaniangalia kutoka juu hadi chini, macho yakasimama kwenye soksi. Wajukuu anaoishi nao walikuwa wanaruka uani kwa furaha, maana mgeni njoo mwenyeji apone, na wao walishajua ni jogoo yupi. Mume wangu akamchinja, mimi nikamnyonyoa na kumkata, mama mkwe akapika.

Katika nyumba ile kuku hagawiwi ovyo. Firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na tangu baba mkwe afariki ni ya mume wangu. Mapaja ni ya wageni na wakubwa. Mimi mke wa mwana hupata bawa au shingo, watoto hugawana miguu, kichwa na mifupa ya mgongo. Mama mkwe mwenyewe hula mwisho, na mara nyingi anakula mchuzi tu akisema nyama haimpendi. Nilijua nitapata bawa, na pembeni yake mlima wa ugali, kwa sababu ugali ndio heshima ya mgeni. Mama anayekupenda hukupakulia ugali mpaka sahani isionekane.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa kwenye mkeka, sahani yangu ikaja, mlima wenyewe unafuka moshi, na bawa limejificha kando. Bahati nzuri kulikuwa na bakuli kubwa la mnafu, ile mboga chungu ya majani. Nikavuta mnafu, nikaanza kula taratibu kwa vidole, bila tonge. Nikala na bawa. Mjukuu mmoja wa kike akaona.

"Bibi! Mama mkubwa anakula mboga tupu!"

Mama mkwe alikuwa mlangoni na sufuria. Aligeuka.

"Kula ugali, mwanangu."

"Nitakula mama, namalizia."

"Unamalizia nini na hujaanza? Nyumba hii hailiwi mboga tupu. Au siku hizi wa Handeni mnaogopa ugali wa mlimani?"

Alisema kwa utani, lakini utani wake una miiba. Watoto wakacheka. Mume wangu akafungua mdomo na mimi nikamkata jicho, akaufunga. Nikakata tonge moja, kubwa, nikalichovya. Nikaliangalia. Nilihesabu yale majuma yote ya mnafu na mlenda na kutembea hadi msikitini, nikaifikiria ile nyama ya waridi nyembamba kama uzi. Ningekula lile tonge kwa adabu, kisha lingine kwa adabu, na mlima mzima kwa adabu, na adabu ingenipeleka Korogwe kukatwa kidole. Hasira ikanipanda, na machozi nayo.

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nikavua soksi. Pale pale mkekani, mbele ya chakula, jambo ambalo halifanywi. Nikafungua bandeji.

"Mama, nina sukari," nikasema. "Nikila mlima huu, watanikata hiki."

Mama mkwe aliweka sufuria chini. Alikuja akainama, akautazama mguu kwa muda mrefu, akainuka, akatoka nje. Tulimsikia akitembea nyuma ya nyumba. Mume wangu akanong'ona kwamba nimeharibu. Nikafunga bandeji mikono ikitetemeka, na safari hii sukari haikuwa imeshuka.

Alirudi macho mekundu. Alikaa mkekani, mbele yangu, yeye ambaye kamwe hakai kabla hatujamaliza.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akaniambia. "Kwa nini umenificha?"

"Nilimkumbuka baba, mama."

"Na mimi ni yeye niliyemkumbuka hapo nje." Akakunja kona ya kanga. "Hospitali walimwambia apunguze ugali. Walimwambia na mimi nimesimama pale. Nikasema hawa wanataka kumuua mume wangu kwa njaa. Mtu anaumwa, anakonda, utampunguziaje ugali? Nilikuwa nampa mkubwa kuliko wa wote. Nikimkatia na tonge. Kwa mkono huu." Akaunyoosha mkono wake juu ya sahani, mkono mkavu wa mkulima. "Alikuwa hataki kuniudhi. Akala."

Mume wangu alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na firigisi yake mkononi. Mimi nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, kwamba hakujua, kwamba sote tulikuwa hatujui. Nikaushika tu ule mkono.

Alijifuta macho, akarudi kuwa yeye.

"Haya. Wamekwambia ule kiasi gani?"

"Ngumi, mama. Ngumi yangu."

"Ikunje niione."

Nikaikunja. Akaishika, akaigeuza kama anayechagua nyanya gulioni, kisha akauchukua ugali wangu, akaukata, akaufinyanga kwa viganja mpaka ukalingana. Uliobaki akaurudisha kwenye sufuria. Akamtazama mwanawe.

"Toa paja."

Mume wangu akatoa paja. Mama mkwe akaliweka kwenye sahani yangu, akalichuna ngozi nilipomwambia kwamba ngozi siruhusiwi, na ngozi akaitupia paka. Watoto walikuwa wametoa macho. Akavuta bakuli la mnafu katikati ya mkeka, na mwanamke yule, ambaye mume wangu bado ana kovu la mwiko wake kwa kosa la kuchomoa kipande cha nyama utotoni, akachota mnafu kwa vidole vitatu, bila tonge, akautia mdomoni.

"Leo tunaanza na mboga," akawaambia wajukuu. "Anayeniita mroho aseme."

Walijitupa kwenye bakuli kama kuku walioachiwa asubuhi, wakidhani sheria imefutwa duniani kote.

Kabla hatujashuka mlimani alinipa kitambaa alichokuwa amekitunza kabatini, cha maua ya zambarau, akaniagiza nimshonee gauni. "Ulishone kwa mguu huo huo," akasema. Nikamwambia nitajaribu. Akasema hakuomba jaribio, ameomba gauni.

Kila jioni akawa anapiga simu. Hasalimii kwanza. Anauliza, "Ngumi?" nami najibu, "Ngumi, mama." Akishanisikia ndipo anauliza habari za watoto, mvua na mambo mengine. Kuku nao wakaanza kushuka kutoka Kwashemshi, hadi kaka yangu wa Mkata akalalamika kwamba amepata mshindani.

Mwezi na nusu ulipotimia, daktari alifungua bandeji, akabonyeza pembeni, akabonyeza katikati. Akamwita yule nesi naye aje aone. Kidonda kilikuwa kimefunga. Palibaki kovu jeusi linalong'aa, na kucha imekufa, lakini kidole kilikuwa changu. Nesi akanichoma, akatazama mashine, akanionyesha namba. Nikamkumbatia mtoto wa watu hadi kofia yake ikadondoka. Daktari alinikumbusha kwamba sukari haijaondoka, imetulia tu, na kutulia kwake kunanitegemea kila siku. Nikamwambia najua, nina mkaguzi mlimani.

Gauni nililishona kwa siku mbili. Nilishona bila haraka, mguu wa kulia ukiongoza, na kila mara nilikuwa nainama kuhakikisha kiatu kimekaa vizuri, maana mguu wangu bado hausikii vizuri na inabidi macho yasikie kwa niaba yake. Kola niliirudia mara tatu. Sijawahi kurudia kola ya mtu mara tatu.

Tulipanda Kwashemshi siku ya Jumapili. Nilifika nimelishika gauni mikononi, limekunjwa vizuri, nikisubiri alifungue asifie au akosoe, na kwa kawaida yeye hukosoa. Hata hakulipokea. Alinikalisha kwenye kile kiti cha mlangoni, kiti cha baba mkwe, ambacho tangu mzee aondoke sikuwahi kumwona mtu amekikalia. Akapiga magoti chini, yeye mkwe wangu, mkubwa wangu. Nikataka kuinuka, akanikandamiza goti. Akafungua kamba za kiatu, akavua soksi, akaupakata mguu wangu kwenye kanga yake.

Akaanza kuhesabu kwa kidole chake, akigusa kimoja kimoja kwa sauti, kama wanavyofanya wakunga kwa mtoto aliyezaliwa. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Alipofika kwenye kidole gumba chenye kovu alikishika, akakaa nacho kidogo.

"Vitano," akasema.

Akanivisha soksi, akajifuta uso kwa kanga, akainuka.

"Haya, vipo vyote. Sasa lete gauni nilione."